Ukimsaidia mtu Python, mwachie kibodi yake

Nianze na ng'ombe, Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, itafuata. Kuna kijana anakaa Pasua hapa Moshi, yuko chuo mwaka wa kwanza, mama yake ana ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba, anamkamua asubuhi na jioni na kila lita inaingia kwenye kaunta buku moja ya siku nyingi, imeshalowa maziwa mpaka kurasa zinagandana. Kijana kaanza kujifunza programu akasema ngoja nimpunguzie mama hii kazi ya kujumlisha kila mwisho wa mwezi, akakaa usiku akaandika mistari mitatu:

asubuhi = input("Lita za asubuhi: ")
jioni = input("Lita za jioni: ")
print("Jumla ya leo:", asubuhi + jioni)

Akajaza 7, akajaza 5, kompyuta ikamjibu Jumla ya leo: 75. Hakuna rangi nyekundu, hakuna malalamiko, imejibu tu kama mtu mwenye uhakika wake. Akamwita mama aje aone. Mama akainama kwenye skrini akauliza, "Sabini na tano? Ng'ombe gani huyo mwanangu, maana wa kwetu mi namjua."

Jumamosi yake kijana akanifuata. Kazi yangu ya wiki ni hesabu za ofisini, nazifanya kwa Python miaka sasa, na Jumamosi huwa nakaa chumba cha nyuma cha steshenari moja Majengo, wanaojifunza wanakuja na laptopu zao, wengine na simu tu, tunakaa tunahangaika pamoja. Akanisalimia, "Shikamoo dada," alafu hapohapo, "Python yangu imeharibika, nimeifuta nikaishusha upya bado inajumlisha vibaya." Bando lake la wiki lilikuwa limeishia hapo, kwenye kushusha upya kitu ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote.

Mkono wangu ulishanyooka. Kosa nimeliona kabla hajamaliza kuongea, ni kuandika int, neno la Python la kugeuza kitu kiwe namba nzima, na mabano yake sehemu mbili, sekunde 20 haziishi, dogo anaondoka na furaha yake na mimi naonekana najua kazi. Nikaurudisha. Na hili ndo nataka kulisema leo kwa wote ambao watu wanatufuata kuomba msaada wa programu, ukimsaidia anayeanza usimshikie kibodi, yaani bora hata umwambie sina nafasi njoo kesho, kuliko kumrekebishia na kumrudishia laptopu inafanya kazi, maana ukishamrekebishia umemchukulia kitu pekee alichokuja nacho, na kitu hicho ni lile kosa. Lile kosa ni lake, kalitengeneza mwenyewe kwa mawazo yake, na ndani yake ndo kuna somo linalomhusu yeye kuliko kurasa zote za notisi.

Basi nikamwambia ongeza mstari mmoja chini ya ule wa kwanza, andika print(type(asubuhi)) alafu endesha tena. Ikatoka <class 'str'>. Akaniangalia. Nikamuuliza str ni nini, akasema ni maandishi, tulifundishwa. Nikamwambia haya, ukichukua neno mama ukaliunganisha na neno ntilie unapata nini? Akacheka, "Mamantilie." Na ukichukua saba ya maandishi ukaiunganisha na tano ya maandishi? Akakaa kimya. Kimya cha namna hiyo ni kigumu sana kwa anayesaidia, mkono unawasha, unataka kusema jibu, lakini ukivumilia unaona kabisa mtu anavyofika. Akasema, "Sabini na tano." Alafu akajikatisha, "Hapana. Siyo sabini na tano dada. Ni saba, tano."

Hiyo sentensi moja, "siyo sabini na tano, ni saba, tano," ningeandika ile int mimi asingeisema kamwe. Tulitumia kama dakika 25. Mabano ya int akaandika yeye, akakosea kufunga moja, akalirudia, ikatoka 12. Mama yake aligundua kosa bila kujua Python hata kidogo kwasababu anamjua ng'ombe wake, na mimi nilichofanya ni kuuliza maswali matatu. Kibodi hatukuigusa sote wawili.

Watu wengi wananibishia hapa, wanasema dada unamtesa mtu bure, jibu unalo, mpe aone lilivyo ajifunze kwa kuangalia, mbona ufundi wote tunajifunza kwa kuangalia. Sawa, twende gereji. Gereji zote za huku kwetu kuna vijana wanajifunza, na ni kweli wanaangalia fundi anavyofanya, lakini hebu simama pale nusu saa, utamsikia fundi yuko chini ya gari anasema nipe spana namba 13, kijana analeta namba 14, fundi anamrudishia bila neno, kijana anaangalia ile nati vizuri ndo analeta 13. Siku ya pili ile nati anafungua kijana na fundi amesimama pembeni na kitambaa mkononi. Hakuna fundi anayemfundisha mtu kwa kumpa gari lililokwisha kutengenezwa akamwambia haya angalia ujifunze. Lakini kwenye programu ndo tunafanya hivyo kila siku, mtu anauliza tunamtumia faili limekamilika, anaendesha linakubali, anasema asante sana ubarikiwe, kesho anarudi na kosa lilelile kwenye kazi nyingine.

Mi nilifundishwa hivyo. Chuo nilichosoma kulikuwa na mtu tulikuwa tunamkimbilia wote kwenye maabara ya kompyuta, ana roho nzuri kweli, anakuja anasogeza kiti anachukua kibodi anaandika haraka haraka anasema "umeona?" na sote tunasema tumeona. Somo nilifaulu. Siku nimekaa peke yangu kazini mara ya kwanza, nina faili la mauzo mbele yangu na hakuna wa kuita, nikagundua sijawahi hata siku moja kutoka kwenye kosa kwa miguu yangu mwenyewe. Ilinichukua karibu mwaka kujifunza kitu ambacho kilitakiwa kuwa wiki mbili za kwanza, na kitu chenyewe ni kusoma kosa.

Na hapa ndo penye kazi kubwa, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Python ikigoma huwa inaandika. Mstari wa juu kabisa unasema Traceback (most recent call last), alafu inafuata mistari inayotaja faili na namba ya mstari, alafu chini kabisa ndo kuna jina la kosa na maelezo yake. Yale maneno ya juu yanamaanisha kilichotokea mwisho kiko mwisho, yaani chini. Sasa sisi tumezoea kusoma kuanzia juu, mtu anaona neno Traceback halijui, anaona mistari mingi, Kiingereza, nyekundu, moyo unaruka, anafunga macho anapiga picha anatuma. Na picha zenyewe nyingi zimepigwa kwa simu kwa upande, kioo cha laptopu kimebeba mwanga wa dirisha, na mstari wa mwisho umekatwa. Kila nikipokea picha ya namna hiyo naona kitu kilekile, kakata ule mstari mmoja tu uliokuwa unamjibu, kwasababu hakujua kuwa ndo wenyewe.

Kijana wetu siku ya pili alinipigia, ng'ombe alitoa lita saba na nusu asubuhi, kaandika 7.5 programu imekufa. Nikamwambia usinitumie picha, nisomee mstari wa chini. Akasoma, ValueError: invalid literal for int() with base 10: '7.5'. Nikamwambia sasa niambie kwa Kiswahili. Akasema sijui. Nikamwambia anza na unachokijua, mwisho kabisa kuna nini? Kuna saba nukta tano. Kabla yake? int. Na int ulisema ni nini? Namba nzima. Akanyamaza tena kile kimya chake, alafu akasema, "Inasema haiwezi kuifanya saba na nusu iwe namba nzima." Hiyo ndo tafsiri yenyewe, wala hakuhitaji kujua literal ni nini wala base 10 ni nini. Kutoka hapo kufika float, ile inayokubali namba yenye nukta, alifika mwenyewe, na hakutumia bando, aliandika help(int) palepale kwenye kompyuta akasoma, maana watu wengi hawajui kwamba Python inakuja na maelezo yake ndani, hayahitaji intaneti, unaandika help na mabano tu.

Lugha ni nusu ya tatizo na tukisema ukweli hatuisemi vya kutosha. Shule za serikali darasa la kwanza mpaka la saba tumesoma kwa Kiswahili, form one tukahamishiwa Kiingereza kwa mkupuo, na wengi tumejifunza kukiogopa kabla ya kukijua. Kwahiyo mtu akiona kosa kwa Kiingereza anarudi kuwa yule mwanafunzi wa form one, hasomi, anasubiri mtu wa kumsomea. Lakini Kiingereza cha Python ni kidogo sana jamani. Maneno ambayo lugha yenyewe imeyahodhi, kama if, else, for, while, return, ni 35 tu. Na makosa unayokutana nayo miezi ya mwanzo ni kama manane hivi yanajirudia. NameError ni jina halijulikani, mara nyingi umekosea herufi. IndentationError ni nafasi za mwanzo wa mstari hazijakaa sawa. TypeError unachanganya vitu vya aina tofauti, unataka kujumlisha namba na neno. ModuleNotFoundError kitu unachokiita hakijawekwa kwenye kompyuta yako. Mtu anaweza kuyaandika nyuma ya daftari kwa Kiswahili chake kwa siku moja na ile hofu ikapungua nusu.

Na kuna kitu kidogo nimekuwa nakisisitiza kwa wote wanaokuja na kinasaidia sana, majina unayoyabuni ndani ya programu yaandike kwa Kiswahili. Yule kijana alifanya bila kuambiwa, aliandika asubuhi na jioni. Notisi nyingi zinafundisha kuandika morning, total, result, sasa mtu anayeanza akiangalia mistari yake hawezi kutofautisha neno lipi ni la Python na lipi kalibuni mwenyewe, yote Kiingereza. Ukiandika jumla, lita, jina, bei, basi kila kilichobaki kwa Kiingereza ni cha Python na kila cha Kiswahili ni chako. Wakubwa wa makampuni watasema kazini utatakiwa kuandika Kiingereza, ni kweli, utaandika ukifika huko.

Wanaoitengeneza Python wenyewe wamehangaika na hili jambo kuliko tunavyohangaika sisi. Zamani ukisahau kufunga mabano ulikuwa unaambiwa invalid syntax tu, tena inakuonyesha mstari wa chini yake ambao hauna kosa lolote, watu tulikuwa tunaukodolea mstari mzima ambao ni mzuri. Toleo la 3.10 lililotoka Oktoba 2021 linakwambia wazi kwamba '(' was never closed, bano halijafungwa, na linakuonyesha lile bano lenyewe. Ukikosea jina linakukisia, Did you mean, ulimaanisha hili? Toleo la 3.11 la mwaka uliofuata likaongeza alama chini ya kipande chenyewe kilicholeta shida, siyo mstari mzima. Mtu aliyekuwa mbele kwenye kazi hiyo ni Pablo Galindo Salgado na wenzake, wamekaa wakafikiria anayeanza anasumbuka wapi wakabadilisha maneno ili yamfikie. Mi huwa naumia nikiona mtu anairuka ile kazi yote, anaangalia pembeni kutafuta nani amsaidie, na msaada umeandikwa hapo mbele yake.

Siyo kila kosa linaandikwa lakini. Lile la 75 halikuandikwa. Na kuna lingine la huyuhuyu kijana lilinifundisha hata mimi. Alitaka kuweka na saa ya kukamua, mama anakamua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni, basi akajaza 11 na 10, akaiambia programu ipange kwa saa, ikaja jioni imetangulia asubuhi. Ukitafuta mtandaoni hilo kosa hulipati, kwasababu Mzungu hana, kwake saa kumi na moja alfajiri ni 5 na saa kumi jioni ni 16. Sisi siku yetu inaanza asubuhi jua linapotoka na saa zetu zimepishana na hizo kwa sita. Hapo msaada unatoka kwa mtu anayeishi hapahapa, na nadhani ndo sababu mojawapo kubwa ya kuwa na watu wa kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Hivyohivyo na hela, mtu anaandika 1,500/= kama tunavyoandika dukani, int inakataa kwasababu ya mkato na ile alama ya mwisho, na ukimwambia tu "toa mkato" hajaelewa, mwache asome kosa, ameambiwa palepale kwamba '1,500/=' haisomeki kama namba.

Alafu kuna makosa ambayo siyo ya mwanafunzi kabisa, na haya yananikera. Kuna notisi zinazunguka zinatolewa kopi mwaka hadi mwaka, ndani yake print imeandikwa bila mabano na kuna raw_input badala ya input. Hiyo ni Python 2. Python 3 ilitoka Desemba 2008 na Python 2 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini kopi bado zinauzwa. Binti mmoja alikuja kwangu karibu na kulia, kaandika kila herufi kama ilivyo kwenye karatasi, kahakiki mara nne, kompyuta inakataa, kashajiambia yeye hana kichwa cha hivi vitu. Nilimwonyesha mstari wa mwisho, Missing parentheses in call to 'print'. Did you mean print(...)? Mabano hayapo. Akasema lakini kwenye notisi hayapo. Nikamwambia notisi zimezeeka, wewe huna kosa. Nyingine ni zile zilizoandikwa kwenye Word, Word inageuza alama za nukuu zinakuwa za kupinda, ukikopi na kupesti Python inazikataa. Na PDF ukikopi nafasi za mwanzo wa mistari zinaweza kupotea zote, na Python inategemea zile nafasi kujua kipi kiko ndani ya kipi, kwahiyo programu yote inavurugika na anayeanza anaona ni yeye.

Hapo ndo inakuja habari ya maneno yetu sisi tunaosaidia. Neno baya kuliko yote ni "mbona rahisi." Tunalisema kwa nia njema, tunataka kumtoa mtu hofu, lakini lisikilize kwa masikio yake, kashinda nalo siku mbili, wewe umekuja unamwambia kilichomshinda siku mbili ni rahisi. Hatauliza tena. Na asipouliza haonekani, anakuwa tu mmoja wa wale walioacha. Huku kwetu kuuliza tayari kuna aibu yake, darasani anayeuliza anageukiwa na darasa zima, mtu mpaka kafika kwako na laptopu kashavuka mlima. Mi siku hizi nikiona kosa ambalo nalijua nasema "hili limenishika na mimi," na ni kweli, yote yamenishika.

Na wewe unayeomba msaada una sehemu yako. "Naombeni msaada programu haifanyi kazi" haimsaidii mtu yeyote akusaidie. Tuma mistari yako kama maandishi siyo picha, na kosa lote mpaka mstari wa chini, sema ulijaza nini na ulitegemea kupata nini, na Python yako ni toleo gani. Kama mistari ni 200 punguza, kata kila kisichohusika mpaka ibaki kumi ambayo bado ina lile kosa. Nakuhakikishia nusu ya safari hizo hutafika kuuliza, utaliona wakati unapunguza.

Kuna mahali nashika kibodi mwenyewe na sioni vibaya. Mtu kaja na Windows inamwambia 'python' is not recognized, yaani haiitambui Python, hajaanza hata kuandika mstari mmoja. Hiyo ni kwasababu wakati wa kuiweka hakutiki kile kisanduku cha chini kinachotaja PATH, ni jambo la Windows tu, halimfundishi kufikiri, namrekebishia dakika tatu tunaendelea. Wa simu namwekea Pydroid 3, app ya kuandikia Python kwenye simu. Mwenye laptopu dhaifu namwekea Thonny, programu ya kuandikia Python iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza hasa, inaenda mstari kwa mstari unaona kila jina limeshika nini wakati huo, na ukishakuwa nayo haidai intaneti. Ningekuwa na Thonny siku ile ya 75 kijana angeiona ile '7' ikiwa na alama za nukuu pembeni akaelewa haraka zaidi.

Sasa akili mnemba. ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022 nilidhani itatupunguzia mzigo sisi tunaosaidia, na kwa kweli wanaokuja Jumamosi walipungua kwa muda. Alafu wakarudi, na walivyorudi ndo kulinishtua, mtu ana programu ya mistari 80 imepangwa vizuri kuliko ya kwangu, ukimuuliza huu mstari wa sita unafanya nini hajui, na ikigoma hana pa kuanzia kwasababu hakuna hata mstari mmoja aliouwaza. Huyo ni yuleyule jamaa wa maabara ya chuo anayeshika kibodi, ila huyu hachoki, hana usingizi, na akikosea anakosea kwa sauti ileile ya uhakika. Sisemi asitumike. Nawaambia wabandike kosa na waandike, nieleze hili kosa kwa Kiswahili, usinirekebishie, niulize maswali mpaka nilione. Ukiiomba hivyo inajitahidi kweli, na kwa mtu ambaye yuko Kibosho au Ngaramtoni usiku hana mtu jirani wa kumuuliza, ni msaada mkubwa. Lakini inataka mtu ajizuie mwenyewe, jibu liko mbali kidole kimoja, na sina hakika ningejizuia nikiwa na miaka 19 na kazi ya chuo inatakiwa kesho asubuhi.

Hoja ya muda naikubali. Dakika 25 kwa kosa la sekunde 20 ni nyingi, na siku wamekuja watu sita siwezi kuwapa wote hivyo. Siku hizo nawaweka wawili wawili, mmoja anashika kibodi ya kwake na mwenzake anaruhusiwa kuuliza tu, kugusa hapana. Wanalalamika mwanzoni. Baada ya kama saa moja chumba kinakuwa na kelele za watu wanaosomeana makosa kwa Kiswahili, wengine kwa Kichagga kabisa, na mimi nakunywa chai.

Kijana wa Pasua programu yake sasa hivi ina kama mistari 60, inaweka kila siku kwenye faili na mwisho wa mwezi inatoa jumla. Mama hajaacha kaunta buku, anasema vitabu viwili ni bora kuliko kimoja. Mwezi uliopita hesabu zilipishana, Python ilizidi kwa lita arobaini na nusu. Walikaa wawili mezani jioni, yeye anasoma skrini, mama anasoma daftari na kidole, tarehe moja, tarehe mbili, mpaka wakafika ya 19, jioni, daftari limeandikwa 4.5 na skrini imeandikwa 45. Nukta haikubonyezwa. Akanisimulia kwamba mama alimuuliza kwani huyo kompyuta hashangai, lita arobaini na tano jioni moja, na yeye akamjibu mama haijui ng'ombe. Mama akasema, "Basi mwambie. Ng'ombe wetu hajawahi kuvuka lita kumi mkamuo mmoja."

Jumamosi alikuja kunionyesha mistari aliyoongeza usiku uleule, na hakuwa na swali lolote:

if lita > 10:
    print("Mama anasema haiwezekani, jaza upya")